Maji Yaliyobaki Mpakani

Hivi wewe, ukimtekea mzazi maji ya kuogea, si unategemea yafike?

Maximilla wa Heru Juu naye alitegemea. Jumatatu alijaza ndoo ya njano kisimani kwake, akaweka jani la mgomba juu maji yasimwagike, akaenda kwa binti yake Dorcas, aliyejifungua siku tatu nyuma. Kisima cha Dorcas kilikauka tangu halmashauri ya upande ule ichimbe kisima kirefu na kufunga pampu. Maximilla alipovuka jiwe la mpaka, lile lililowekwa wilaya ilipogawanywa, ndoo ikawa nyepesi. Akageuka. Maji yalikuwa nyuma, yamesimama hewani juu kidogo ya kichwa chake, yana umbo la ndoo, na jani lake.

"Yamekataa," alisema, akarudi kuteka mengine.

Kufikia Alhamisi maji ya ndoo kumi na tatu yalikuwa yamesimama mstari mmoja, mbuzi wanapita chini yake. Ijumaa yakaja magari matatu: la halmashauri hii, la halmashauri ile, na la ofisi ya maji ya bonde.

"Mwakeye, mabwana," Maximilla aliwaamkia.

Mhandisi Raymond wa halmashauri yenye pampu aliyapima maji kwa futi kamba. Kwa kuwa ni mrefu, kichwa kiliingia majini, akalowa kola. Wakasaini mahudhurio, wakanywa soda. Wakakubaliana kwamba maji ya chini ni mamoja, hayajui wilaya, na watayasimamia kwa ushirikiano: watapima kina pamoja kila mwezi, na mwenye pampu atapunguza, kikao kijacho kikiridhia. Kikao kijacho hakikupangiwa tarehe.

"Umeona, mama? Tumeelewana," alisema Raymond.

"Mjukuu wangu ana siku saba, mheshimiwa. Anafutwa kwa kitambaa tu."

"Hilo peleka kwa watu wa afya, mama. Sisi ni wa maji."

Nyuma ya kilima pampu ilikuwa inanguruma, inamwagilia maua ya ofisi. Inanguruma hata sasa, na yale maji bado yamesimama. Gharibu wa bodaboda akifika pale huinamisha kichwa, anapita.

Ila siku ile, kabla gari la Raymond halijaondoka, Maximilla alishika mlango wa gari. Wiki nzima alikuwa ameamkia watu, ameitikia, ameshukuru.

"Zima hiyo pampu," alisema. "Binti yangu ateke kwake."