Masaa Matatu Baada ya Kula

Danai aliteremka melini saa nne asubuhi akiwa tayari amevaa nguo ya kuogelea na maboya mikononi. Ana miaka sita, na ndiye pekee niliyeachiwa na mwanangu Manthos, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita huko Ujerumani. Mkwe wangu Birgit alikuwa ameniandikia kwamba watakaa kisiwani siku moja tu, hadi meli ya saa nane na nusu, na kwamba mtoto akipapenda watakuwa wanakuja kila kiangazi. Sikuwa na ombi jingine duniani.

"Bibi, bahari iko wapi?"

"Bahari haikimbii. Kula kwanza."

Nilikuwa jikoni tangu alfajiri nikijaza nyanya wali na mnanaa, chakula alichokipenda baba yake. Danai alikula tatu, maskini, ili kunifurahisha, nami nikafurahi kweli. Saa tano na robo tukashuka ufukweni. Akachomoka mbio, nikamdaka mkono.

"Umekula. Masaa matatu yapite, ndipo uingie, usije ukazama."

Birgit alinitazama. "Mama, kwetu watoto wanakula na kuogelea. Na hapa maji yenyewe ni ya magoti."

Ni kweli, pwani yetu unatembea hatua mia na maji hayajakufika kiunoni, ndiyo maana wenye watoto wanaipenda. Lakini mama yangu alinizuia mimi, nami nikamzuia Manthos, na sikuwahi kumwuliza mtu kwa nini.

"Baba yake alingoja," nikasema.

Birgit akageuka kutandaza mataulo. Nilimtaja marehemu ili kumziba mdomo, na nilijua ninachofanya.

Tukakaa chini ya mti, watoto wa watu wakirushiana maji mbele yetu. Jirani yangu Fotini, aliyesimama baharini na kofia yake, akapaza sauti, "Kalliroi, mwachie huyo kabla hajakauka kama pweza kambani."

"Wewe oga, ya kwangu niachie."

Danai aliuliza mara nyingi kama bado. Kisha akaacha kuuliza, nami nikadhani ametulia.

Saa nane Birgit akaanza kukusanya mataulo. Ratiba ya meli imebandikwa jikoni kwangu, na sikuwa nimepiga hesabu.

"Mwache aingie, hata dakika tano. Nenda, Danai, nenda kipenzi changu."

"Sitaki tena," akasema, akivua maboya.

Kwenye gati Danai alinibusu kama alivyoagizwa. "Kwa bibi mwingine kuna ziwa," akaniambia, bila ubaya wowote. "Kule unaingia tu."

Nikamwuliza Birgit kuhusu mwakani.

"Tutaona, Mama," akajibu, akitazama meli.

Nyumbani sinia lilikuwa limejaa nyanya. Nikala mbili nimesimama, nikashuka ufukweni na gauni langu jeusi, nikaingia majini papo hapo. Yaliponifika magotini nikasimama, nikangoja. Hakuna kilichonipata.