Pahala pa Jaribu Gatini

Kazi yangu ni kusahihisha makosa ya watoto wa watu, lakini kosa nililofanya asubuhi ile sina wino mwekundu wa kulitosha.

Mtu alipita mtaani akipiga kelele, "Vibua wameingia gatini!" Miguu yangu haikungoja akili. Ikanipeleka na mshipi wangu na pakacha langu mpaka dirishani kwa binamu yangu Jaribu, kama kila mwaka vibua wanapoingia Wete. Nikalipiga dirisha kofi.

"Amka, gogo wee! Samaki wameshaamka, weye bado unamkoromea mke wangu!"

Ndivyo tulivyotukanana tangu utotoni. Mtoto wa shangazi ni mtani. Ila Jaribu tulishamzika, na kesho yake ndiyo ilikuwa arobaini. Mjane wake alikuwa mle mle ndani, kwenye eda. Nikasikia kilio kinaanza, kikazibwa na nguo.

Mama yake Jaribu, shangazi yangu Bi Mwatum, akatoka barazani. Ningeweza kuingia kwenye pakacha langu, ningeingia.

"Shangazi, nisamehe. Nilisahau."

"Bahati yako," akasema. "Mie nataka kusahau, siwezi." Kisha akalitazama pakacha. "Vibua wameingia kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi kavue, baba. Mchele na vita hivi vya Wazungu haupatikani, ng'ombe hatuna. Kesho nitawawekea watu muhogo. Lakini usiwe mkavu, Ngwali. Si kwenye hitima ya mwanangu."

Gatini watu walikuwa wamebanana, kiwiko kwa kiwiko. Palikuwa na pahala pamoja tu patupu: kwenye nguzo ya mwisho. Pa Jaribu. Sisi pale kila mtu na pahala pake. Ukitaka kuingia kwa mwenzio unamwambia, "Nisogezee," naye akikujibu "Karibu" ndipo utupe mshipi. Na mtu akifa, pahala panabaki pake mpaka arobaini yake isomwe. Hata mlevi halivunji hilo.

Nikajibana kwa Mabruki, mchukuzi wa magunia ya karafuu.

"Nisogezee."

"Karibu, Mwalimu. Lakini usiwasomeshe samaki wangu, watakuwa wajanja."

"Washakuwa wajanja zamani, ndiyo maana hawakujii."

Tukacheka. Nikacheka mpaka nikajishangaa.

Jua likapanda. Mie vibua watatu. Mabruki wawili. Wenzetu nao hali hiyo hiyo, maana kundi lote lilikuwa limejikusanya kwenye kivuli cha nguzo ya mwisho. Maji pale yalikuwa yanachemka, meupe kama bati jipya. Kila mtu anaona, hakuna anayetia mguu.

Mabruki akawatia wake wawili kwenye pakacha langu. "Wa Jaribu hao."

"Ahsante, ndugu yangu. Watano kwa msikiti mzima."

"Ingia pale basi. Si hitima yake mwenyewe?"

"Hitima kesho, Mabruki. Leo bado pake."

"Basi muombe."

Nikangoja mtu acheke. Kwa kawaida wa kwanza kucheka ni mimi.

Nikakunja mshipi, nikaenda. Pale kwenye ubao wa ukingoni palikuwa na mifereji myembamba, mshipi wake ulivyokuwa ukisugua miaka yote ile. Nikasimama kando yake, chambo mkononi. Chini vibua wanapindukiana. Nikatafuta tusi la kuanzia, maana sikuwahi kumuomba Jaribu kitu bila ya kumtukana kwanza. Halikuja hata moja.

Nyuma yangu watu wakaacha kuvuta mishipi, wakatega masikio nao.

"Jaribu," nikasema, "mama ana muhogo mtupu. Nisogezee kidogo, yakhe."