Zulia la Chumba cha Kungojea

Jumamosi mchana, ofisi ilipokwisha kufungwa, Mvuke alipiga magoti karibu na dirisha la barabarani, akang'oa uzi mmoja wa zulia kwa kibano na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi ukanuka kama nywele zilizoungua. Akauzima kwa vidole.

"Sufu," akasema.

"Sufu na nini?" aliuliza mdogo wake, ambaye alikuwa akihamishia viti ukumbini, viwili viwili.

"Sufu tupu. Hawa walikuwa na hela."

"Walikuwa," mlinzi aliitikia kutoka mlangoni. "Siku hizi hata chai tunakuja nayo."

Ilikuwa ofisi ya vibali vya matibabu. Mgonjwa huleta barua ya daktari, huchukua namba, huketi, na kungoja barua yake igongwe muhuri. Bila muhuri, hospitali haimpasui mtu. Kwa hiyo chumba kikubwa kuliko vyote katika jengo lile kilikuwa cha kungojea, na zulia lake lilikuwa limechakaa pale tu watu wanapoweka miguu wakiwa wamekaa. Katikati, njia ya kwenda dirishani kwa karani, manyoya yalikuwa bado yamesimama.

Mvuke hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na baba yake, fundi wa mazulia, kwa sababu katika watoto wake binti huyu ndiye pekee aliyeamini maji ya moto kama alivyoyaamini yeye. Mdogo wake, baba alimwita Poda, kwanza kwa dharau na baadaye kwa mapenzi, tangu siku aliporudi nyumbani na mashine ya kusafishia kwa unga. Sasa Poda alikuwa mtu mzima mwenye mke na mapacha, na jina hilo lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa pikapu.

Baba alikuwa amefariki. Mvuke ndiye aliyeendesha pikapu siku hizi, na kiti cha pembeni yake kilikaa kitupu. Poda alipanda nyuma pamoja na mipira na ndoo, hata mvua ikinyesha.

Meneja alikuwa ametoka muda si mrefu. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye viatu visivyotoa sauti. "Njia chagueni wenyewe, nyie ndio mafundi," aliwaambia. "Ila mimi napenda ile ya unga. Jumatatu asubuhi viti viwe mahali pake, na watu wangu wasikanyage majimaji."

Poda akaitikia kwa niaba ya wote wawili. Kwa unga wenye unyevu kidogo, kazi ingekwisha kabla ya magharibi. Unaunyunyiza, unausugua kwa brashi inayozunguka, unashika uchafu, unaufyonza. Saa moja baadaye mtu anaweza kulala hapo na suti yake. Maji ya moto ni habari nyingine. Unapuliza dawa, unayasukuma maji mpaka kwenye mgongo wa zulia, unayavuta papo hapo kwa mashine, na bado zulia hubaki na unyevu hadi kesho yake. Njia ya kwanza husafisha panapoonekana. Ya pili huenda chini, na kila fundi anajua kwamba kinachoenda chini huweza kurudi na mtu usiyemtarajia.

Lakini kabla ya kuchagua njia, rangi hujaribiwa. Mvuke alilowesha kitambaa cheupe kwa maji ya moto, akakikandamiza pale kwenye dirisha la barabarani, mahali palipokuwa na kiti cha mwisho cha safu. Akahesabu kimoyomoyo, akakiinua. Rangi haikutoka. Kilichotoka ni kikohozi, kifupi, kilichokatika mara mbili kabla ya kwisha.

Poda aliweka chini viti alivyokuwa amebeba.

"Ni baba," akasema.

"Ni yeye," Mvuke akajibu, akakikamua kitambaa ndani ya ndoo.

Ofisi ilikuwa imewaambia kwamba baba yao alianguka akafa nje, kwenye ngazi, kabla hajaingia. Kwa hiyo hakuwahi kungoja, na mtu ambaye hajangoja hawezi kusemwa kwamba alicheleweshwa. Mama yao aliyapokea maneno hayo kama yalivyoletwa. Kilichomla hadi leo ni wazo kwamba watu walimruka mumewe pale kwenye ngazi wakidhani ni mlevi, yeye ambaye hakuwahi kuonja. Alikuwa ameacha kupika jioni. Alisema mkono unakuwa mzito.

"Hapo ndipo," mlinzi akasema. "Alikaa toka asubuhi, kiti hicho hicho. Alipoteleza chini, mimi nilishika miguu. Aliyeshika mabega ameshaacha kazi."

"Mkampeleka wapi?"

"Kwenye ngazi. Tuliambiwa chumba kina watu." Mlinzi akajikuna shingo. "Lakini dada, nikiulizwa mbele za watu sitasema. Nina watoto shuleni."

"Sijakuuliza, kaka. Nishikie mpira huu."

Poda alimwona dada yake akielekea kwenye mashine ya maji, akamzuia njia. Hakupandisha sauti, katika familia ile waliobishana juu ya mazulia hawakuwahi kupandisha sauti.

"Dada, piga unga. Cha chini kikae chini. Ukimpandisha, utamteremsha vipi?"

"Simpandishi ili nimteremshe. Nataka meneja amwone hapa, ndani, kisha aniambie tena habari za ngazi. Halafu namwambia mama."

"Mama ukimwambia kwamba alikufa akiwa kwenye foleni, atapona?"

"Atajua hakurukwa kama gogo."

Poda alilitazama zulia. "Na kama hatatoka peke yake? Hiki chumba kina miaka."

"Basi watatoka. Wewe umewahi kuosha doa moja ukawaacha majirani zake?"

Hapo alikuwa amepatikana. Alifuta jasho, akasema, "Haya, Mvuke kweli ni Mvuke," akaenda kufungua maji.

Waliosha mpaka taa za barabarani zikawaka. Mvuke alishika fimbo ya kufyonzea kwa mikono miwili, akirudi nyuma taratibu kama mtu anayeaga, na mikono yake haikuwa na shaka. Maji meusi yalipita kwenye bomba na kuingia katika tangi, na ndani ya tangi mlisikika watu wakiulizana kama karani amerudi. Poda alilimwaga tangi chooni, wakatulia. Mlinzi alisema hata yeye aliwahi kuuliza hivyo hivyo, mkewe alipokuwa na uvimbe. Kisha wakafungua madirisha, wakaweka feni kwenye pembe, wakaondoka.

Doa la chini hupanda zulia linapokauka. Unyevu hupanda kwenye nyuzi kama mafuta kwenye utambi, nao huja na ulichokuwa umekificha. Kwa fundi, jambo hilo ni aibu. Mteja hupiga simu akilalamika, nawe unarudi na kitambaa. Safari hii Mvuke alilala usingizi mzito Jumapili nzima, kama mtu aliyekwisha panda mbegu na hana la kufanya ila kungoja mvua.

Jumatatu, walipofika kurudisha viti, zulia lilikuwa limekauka isipokuwa dirishani. Watu walikuwa wamepanda. Palikuwa na mwanamke mnene aliyefungwa bandeji mkononi, kijana aliyekumbatia bahasha ya picha za eksirei, bibi mmoja aliyevaa kanzu ya wodini, na wengine nyuma yao. Nyayo zao zilikuwa bado zimeungana na manyoya ya zulia. Walisimama kwa mpangilio, bila kusukumana, na Poda alipoleta viti walishukuru, wakakaa.

Baba yao alikuwa mahali pake dirishani. Alikuwa amevaa shati lile la mistari, na alikuwa akipapasa zulia kwa kiganja.

"Mmefyonza mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili, baba," Mvuke akasema.

"Mara tatu. Huku kuna unyevu, nimeusikia mgongoni." Akamgeukia Poda. "Na wewe, bado na ile poda yako ya kupaka watoto wachanga?"

"Bado, baba."

"Haya. Kila ndege huruka kwa ubawa wake."

Poda akasema anakwenda kusogeza feni ielekee dirishani. Alikaa huko na ile feni muda mrefu, akiigeuza upande huu na upande ule.

Meneja aliingia na viatu vyake visivyotoa sauti. Alipita katikati ya watu akiomba samahani, akainama, akapapasa zulia mahali tofauti, akatabasamu.

"Rangi imerudi. Sikujua lilikuwa na maua."

"Meneja," Mvuke akasema, "huyu ni baba yangu. Mlituambia alianguka nje, kwenye ngazi."

Meneja alimtazama mzee kwa makini, kama mtu anayetaka kutenda haki. "Ndiye," akasema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Namkumbuka. Alikuwa mpole sana, hakugombana na mtu. Alikaa kiti hiki."

"Basi mwambie mama yangu hivyo. Sema alifia humu ndani, akingoja."

"Dada yangu, mimi binafsi sibishani nawe. Alifia humu. Lakini taarifa ilikwisha kwenda makao makuu, na ilisema ngazi. Taarifa ikishakwenda haina njia ya kurudi." Alisema kwa upole, akamgusa Mvuke begani. "Kama mzee ana malalamiko, achukue namba. Dirisha linafunguliwa sasa hivi. Na hawa wenzake pia, wazichukue upya. Za zamani zimekwisha muda."

Karani alifungua dirisha, akawapa namba wagonjwa waliokuwa wakiingia kutoka barabarani, kisha akawagawia wa zulia namba mpya. Walipokea kwa utaratibu, kila mmoja akaisoma yake na kuifumba kiganjani. Mlinzi alisimama mlangoni akitazama barabara.

Mvuke alichuchumaa mbele ya baba yake. Alikuwa amekwisha jua jibu la meneja kabla hajalisikia, na hilo halikumpunguzia imani na kazi yake. Zulia lilikuwa safi. Kila mwenye macho aliweza kuona nani alikuwa wapi.

"Baba, twende nyumbani. Kiti chako kwenye gari kiko."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo sana hapana. Hapiki jioni."

Mzee alilifikiri jambo hilo. "Mwambie sikulala njiani. Mwambie nilikuwa nimekaa."

"Nitamwambia. Lakini twende, utamwambia mwenyewe."

"Nikitoka sasa nitapoteza nafasi. Ni ya mwisho, lakini ni yangu, tazama." Akamwonyesha namba.

"Baba, wewe umeshakufa."

"Najua, mwanangu. Lakini kibali hakijatoka."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechukua mwavuli. Mvuke alimtengeneza kola, iliyokuwa imekunjika upande mmoja kwa kulaliwa muda mrefu, akasimama. Angemwambia mama leo hii hii, maneno hayo hayo, na mama angemwamini. Hilo lilikuwa lake, na makao makuu hayakuwa na muhuri wa kulizuia.

Meneja alikuwa akizungumza na Poda mlangoni. Alitaka waje kila mwezi, ila kwa njia ya unga. Maji ya moto, alisema, yamefanya kazi nzuri mno, na chumba hakina viti vya kutosha. Poda alimtazama dada yake. Mvuke akaitikia kwa kichwa. Unga hausumbui aliyekwisha kaa; humfuta vumbi tu miguuni, na Poda angekuwa mwangalifu pale dirishani.

Walikuwa wakiviringisha mipira ya maji wakati mwanamke kijana alipoingia kutoka barabarani, bahasha ya hospitali mkononi, mkono mwingine ukishika ubavu. Aliwatazama waliokaa, wa zulia na wa barabarani, akatafuta mwisho wa safu uko wapi.

"Samahani," akasema. "Wa mwisho hapa ni nani?"

Baba yao aliinua mkono.

"Mimi," akasema, akamsogezea kiti. "Kaa upande huu, binti yangu. Huku kumekauka."