Dakika Ishirini za Mjomba

Natangaza rasmi, kwa niaba ya haki, ukweli na usalama wa anga, kwamba uchunguzi wa dakika ishirini zilizopotea umekamilika. Mchunguzi mkuu ni mimi, mwanafunzi wa bweni, kidato cha tatu. Hakuna aliyeniteua. Niko likizo tu, na Mama hawezi kuniacha nyumbani peke yangu tangu ile habari ya jiko.

Kutoka uwanja wetu wa ndege hadi uwanja wa pili, mdogo kuliko wetu, ni kilomita mia moja na themanini. Ndege ya viti tisa anayoirusha Mjomba huondoka abiria wakitimia na kuruka kwa dakika arobaini na tano. Wiki hii, siku tatu mfululizo, kitabu cha Mama kilionyesha sitini na tano.

Mama ndiye karani. Huandika saa ya kuondoka kwa saa ya ukutani, maana Mkuu wa uwanja hataki kusikia habari za simu wala saa za mkononi. Ndege ikitua kule, karani wa kule humtajia muda wa kutua kwa redio, kwa saa yake. Safari ya kurudi huandikwa kwenye kitabu cha kule, na muda wa kutua kwetu Mama huutaja kwa saa ileile ya ukutani.

Alhamisi Mkuu alifunga mlango wa ofisi, ndani tukiwa Mjomba, Mama na mimi.

"Rubani, hizo dakika ishirini unatua wapi?"

"Angani hakuna kituo, mzee."

"Usinichezee. Nisipopata jibu leo, kesho huruki. Barua ya kukusimamisha iko tayari."

Mjomba alicheka, kisha akaona Mama hacheki.

"Dada, hata wewe?"

"Mimi naandika ninachoambiwa na saa," Mama alisema bila kuinua macho. "Una mtu huko njiani? Sema tu, mdogo wangu."

Mimi nilikuwa nimenyoosha uzi juu ya ramani. "Hapa katikati pana uwanda mkavu," nikasema kwa sauti ya jaji. "Ndege ndogo inatua vizuri kabisa."

"Mpwa wangu wa damu!" Mjomba aliniangalia kama nimemuuza sokoni. Kisha akachukua redio na kumwita karani wa kule. "Karani, nisomee safari zangu za kurudi. Zote tatu."

Sauti ikakwaruza: "Jumatatu, dakika ishirini na tano. Jumanne, ishirini na tano. Jana, vilevile. Rubani, umefunga injini ya roketi?"

"Ishirini na tano?" Mkuu aliduwaa. "Kigari kile chenye mabawa? Hakifiki hata kwa maombi!"

Mama alijumlisha sitini na tano na ishirini na tano, akagawanya kwa mbili. Arobaini na tano. Akaitazama saa ya ukutani. Mkuu akachomoa mfukoni simu aliyoipiga marufuku yeye mwenyewe. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini.

"Betri," nikasema haraka.

"Betri ikichoka, saa huzidi kuchelewa kila siku," Mjomba alisema polepole. "Hii imechelewa zilezile ishirini. Imeguswa."

Wote watatu wakanigeukia. Hata uzi uliniponyoka.

"Ni mimi," nikasema. "Jumatatu asubuhi nilipanda kiti nikairudisha nyuma. Nilitaka chai ya Mkuu ya saa nne ichelewe, nimwone anavyohangaika. Jumanne nilishajua nimeharibu, nikaogopa. Nikashika ramani ili nionekane niko upande wa haki. Mjomba, nisamehe. Hujatua popote. Nilijua muda wote."