Ulimi wa Mzee Khiem

Familia tisa za mfereji ule zilitegemea ulimi mmoja, nao ulikuwa wa Mzee Khiem. Kila kiangazi, bahari ilipopanda mto Hau, hakuna aliyethubutu kugusa lango la maji mpaka mzee ashuke ngazi, achote kiganja kimoja, asukutue, ateme. Akisema "tamu", linafunguliwa. Akisema "bado", linabaki limefungwa, hata mpunga ukauke. Miaka thelathini na moja hakukosea, na tuseme ukweli, alijua kujivuna.

Zamani chumvi ilikuja baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, ikakaa wiki mbili, ikaenda zake. Mwaka huu iliitangulia Tet kwa mwezi mzima, mpunga ndiyo kwanza unashika mimba. Kingo za majaruba zilikuwa zimepasuka kwa ukame. Thoa, mke wa mwanawe, alihudhuria mafunzo ya ushirika akarudi na kipimo cha chumvi, kidude cha kuingia mfukoni.

"Baba, tukitumbukize mara moja tu, tulinganishe."

"Kimezaliwa lini hicho?"

"Mwaka jana, nadhani."

"Basi kinipe shikamoo kwanza."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Thoa akakirudisha mfukoni.

Siku ya kumkumbuka marehemu mkewe, mzee aliwahi langoni asubuhi na mapema. Akaonja. "Tamu! Fungueni." Maji yakaingia mferejini kwa kelele, watu wakashangilia. Walikubaliana wale kwanza karamu ya marehemu, mashine za kuvuta maji ziwashwe jioni.

Mchuzi wa ukwaju na samaki wa siku hiyo mzee aliupika mwenyewe kila mwaka, hataki msaada. Akaonja, akaona umepooza. Akaongeza chumvi. Akaonja tena, akaongeza tena.

Adhuhuri familia zote zilikuja, zikawasha udi, zikaketi mkekani. Kila mtu alikunywa mchuzi, akameza, akasifu. Duong, mwenye jaruba la mwisho, alimaliza vikombe vinne vya chai. Mzee aliliona birika likizunguka, akadhani ni joto.

Ndipo Bi Hoi, dada wa marehemu, aliyeshuka kwenye basi kutoka mjini saa hiyo hiyo, akaweka kijiko chini.

"Shemeji, umetupikia bahari? Chumvi tupu!"

Hakuna aliyecheka. Mzee akawatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akaangalia bakuli lake.

"Thoa. Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika, baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tunapika, wewe unaongeza. Tukasema ni uzee. Tuliona haya kukwambia."

"Na langoni je?"

"Langoni hatukuthubutu hata kufikiri."

Mzee aliinuka akatoka pekupeku. Thoa akamkimbilia, akatumbukiza kipimo mferejini.

"Gramu nne kwa lita, baba. Na mpunga hauvumilii hata mbili."

Wakafunga lango, lakini mfereji ulishajaa, na mto ulikuwa juu kwa maji kujaa, hayarudishiki mtoni. Yalishaanza kupenya kwenye nyufa za kingo, kuelekea majaruba ya watu. Jaruba la mzee lilikuwa la kwanza, tena la chini kuliko yote. Akachukua jembe.

"Baba, usifanye hivyo! Ndio mpunga wetu wote huo."

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Akaupiga ukingo wake majembe matano, ukaachia. Mfereji mzima ukamwagikia shambani kwake, ukapanda kwenye mashina yaliyovimba mimba. Mzee alisimama ndani ya maji yale na kulia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye maziko ya mkewe. Duong alisimama ukingoni na kofia mkononi. Jaruba lake lilikuwa kavu bado.

"Mzee, na sisi tuna makosa," alisema. "Tulikunywa mchuzi tukanyamaza."

Mzee alikuwa anamfikiria marehemu mkewe, ambaye angemwambia tangu siku ya kwanza, tena kwa matusi.

Alfajiri iliyofuata walikusanyika langoni kama walivyozoea. Mzee alishuka ngazi, mkono ukaenda wenyewe kwenye maji, akauzuia.

"Thoa, njoo mbele. Soma, mama. Kwa sauti, na mimi nisikie."

"Gramu tatu na nusu."

Watu wote wakageuka kumtazama mzee, wakingoja neno lake.

"Mnanitazamia nini mimi? Mtazameni yeye."

Thoa akawageukia watu.

"Bado," akasema, na lango likabaki limefungwa.