Koili ya Shaba

Maji ya moto yaliponirukia kiganjani, sikuuachia mpira. Baba mkubwa, aliyekuwa ameketi mlangoni pa jikoni akisubiri nishindwe, ndiye aliyeruka kitini.

"Achia, mwanangu! Utaungua!"

"Niache niungue."

Ndani ya sufuria ya marehemu baba, maji matamu ya kimea yalikuwa yametoka kuchemka. Humo nilizamisha koili niliyoitengeneza kwa mikono yangu: bomba jembamba la shaba nililolijaza chumvi lisijikunje, nikalizungusha kwenye mtungi wa gesi. Maji baridi yaliingia upande mmoja, yakazunguka bila kugusana na kimea, yakatoka upande wa pili yakifuka mvuke. Hapo pa kutokea, klipu iliyobana mpira wa kutolea maji ilikuwa imelegea. Maji yasiyochemshwa yalikuwa yanataka kudondokea sufuriani, na yangeingia bia ingeharibika.

Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha barafu, hivyo kupoza bia yake hakukumsumbua kamwe. Mimi nilirithi sufuria, barafu sikurithi. Nilipika mara mbili nikaipoza kwenye beseni, taratibu mno, na mara zote mbili ikachacha. Baba mkubwa alionja, akatema kwenye sinki, akatangaza mbele ya ndugu wote kwamba ikichacha tena, sufuria itakwenda kwa mnunua vyuma chakavu.

"Mdogo wangu alikuwa na mkono," alisema. "Wewe una kichwa kigumu tu."

Iliniuma, sifichi. Ile sufuria ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba ile kilichokuwa bado kinanukia baba.

"Basi funga maji, ukaze hiyo klipu!" alifoka sasa.

"Nikiyafunga, huenda yakakatika, na leo hayarudi. Unayajua maji ya mtaa huu."

Nikazidi kuukamata mpira kwa kiganja kilekile kitupu, nikauvuta nje ya ukingo wa sufuria, matone yakaangukia sakafuni. Machozi yalinitoka, nikamkazia macho hivyohivyo. Baba mkubwa alinisogelea. Kisha akavua kofia yake, ile asiyoivua hata kwa wageni, akaizungushia mpira na kuushika yeye.

"Nenda katie mkono maji baridi," akanung'unika. "Mbishi kama baba yako."

Nilirudi, tukasimama hivyo mpaka nilipoweza kuigusa sufuria bila kushtuka. Nikatia hamira, nikafunika.

Siku ya kuonja alikuja amevaa kofia ileile, imejikunja upande. Niliweka glasi mbele yake na mkono wangu uliofungwa kitambaa. Akanywa. Hakwenda kwenye sinki.

"Si kama ya baba yako," alisema.

"Ndiyo. Hii ni yangu."

Akaimaliza, kisha akaisogeza glasi kwangu, tupu.