Mashine Isiyo na Mdomo

Mashine mpya ya michezo ya video ilipotolewa kwenye kartoni lake, Huseni aliwaambia watu wasogee nyuma, maana pumzi zao zingeitia vumbi. Walirudi hatua moja, wakasogea mbili. Chumba chake cha michezo kilikuwa mtaa wa Buyenzi, kati ya fundi wa rejeta na muuza vioo vya magari, na Ijumaa hiyo, baada ya sala, hata mafundi waliacha magari yakining'inia juu ya jeki ili waje kuona.

Wenye vyumba vya michezo vya mtaa wa Jabe walikuwa nayo tayari, ndiyo maana vijana wa Buyenzi walikuwa wakimpita mlangoni na kwenda huko. Ili aipate hii moja, Huseni alimuuzia mtu wa Musaga mashine zake zote tatu za zamani. Alijiambia kwamba ng'ombe mmoja mwenye maziwa ni bora kuliko watatu wakavu.

Chumba chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha shemeji yake, Nawaf. Adija, mke wa Huseni, alipofariki, Nawaf alisema mbele ya watu wa matanga kwamba chumba kile dada yake alikifungua kwa mikono yake, na maadamu watoto wa watu wanacheza mle, yeye hatakigusa. Ila siku kitakapolala bila wachezaji atakijaza vipuri, maana ana injini zinazonyeshewa nje. Akasema kwa upole, kama mtu anayekunja mkeka. Tangu hapo Huseni hakuwa na kitu kingine cha kumlinda Adija asisahaulike ila kelele za vijana mle ndani.

Huseni akachukua kopo kubwa la biskuti ambamo mkewe alitunza diski za michezo. Akachagua ile ya mpira, akaipangusa kwa upindo wa shati, akasema bismillahi. Akatafuta pa kuitia. Akatazama mbele, akatazama ubavuni, akaipindua mashine kama mtu anayemkagua kuku wa sokoni.

Hapakuwa na pa kuitia.

"Muzee Huseni," alisema Ilias, fundi wa rejeta, "umeletewa bubu. Haina mudomo."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Huseni hakucheka. Alibaki na diski mkononi, nayo ikirusha duara la mwanga darini.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sleiman, mfanyabiashara aliyeileta kutoka Dubai, akamkuta dukani akinywa kahawa. Alimwambia mbele ya wateja kwamba amemla mjane mwenziwe, kwa kuwa Sleiman naye alikuwa amefiwa na mke. Sleiman hakukasirika. Alieleza kwamba Huseni aliomba mpya ya bei ile, na mpya ya bei ile ndiyo hiyo. Yenye mdomo ipo, ila ni ghali zaidi. Huko inakotoka watu wanaacha kununua diski. Mchezo unashuka kwa intaneti, unaingia wenyewe ndani ya mashine.

"Na ukishaingia, nikitaka kumuazima jirani?" aliuliza Huseni.

"Huazimi. Ni wako wewe na mashine yako."

"Nikifa je?"

Sleiman akatazama ndani ya kikombe. "Hilo hawakulifikiria, ndugu yangu."

Njia nzima ya kurudi Huseni alisema peke yake. Wakubwa ni wakubwa, wawe wa hapa au wa ng'ambo. Wanakaa mahali penye umeme usiozimika, wanapanga namna watu watakavyocheza, na hakuna anayewaambia kwamba Buyenzi iko duniani.

Adija hakuwa hivyo. Diski ikichubuka, aliitia dawa ya meno kidogo, akaisugua kwa kipande cha kitenge, kutoka katikati kwenda nje, mpaka ikasoma tena. Alibadilishana diski na vyumba vya Jabe na Musaga kama majirani wanavyoazimana kinu. Marguerite, mama aliyeuza mboga soko la Jabe na kulima mpunga huko bondeni, alizoea kupita akiomba zilizokufa, azitundike shambani zing'ae, ndege waogope. Adija alimpa chai, diski hakumpa.

"Hazijakufa hizi, Marguerite," alisema. "Zinaumwa tu."

Kisha akafa yeye. Tumbo lilimshika adhuhuri, katika mtaa wenye magari kuliko watu, mtaa wa mafundi wanaoweza kufufua gari lililolala miaka. Magari yalikuwapo. Esansi, petroli ya kuyaendesha, ndiyo haikuwapo, hata katika gari moja, na penye pampu foleni ilikuwa imelala siku nyingi. Mafundi walimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari moja wakalisukuma kwa mikono kuelekea hospitali. Njiani gari za wakubwa zilipita zikipiga honi zipishwe, nao wakapisha. Hospitali hawakuifika. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Jumamosi, siku ya pili tangu mashine ifunguliwe, Khaled, fundi wa breki na mchezaji mkali kuliko wote, alikuja na simu yake. Alisema ataiunganisha mashine na intaneti ya simu, mchezo utashuka, na jioni watu watacheza. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kama kawaida, kwa hiyo ilibidi jenereta iwake, na jenereta ilitaka esansi.

Huseni aliipata. Dereva wa mkubwa mmoja alikuwa akiinyonya kwenye gari la bosi wake na kuiuza kwa chupa za maji nyuma ya gereji. Huseni aliishika ile chupa, ikiwa na rangi ya chai nyepesi, akaiinua kwenye jua. Kwa nusu ya chupa hii Adija angefika. Wakati ule alizunguka mtaa mzima hakuambiwa kwamba ipo. Leo, ya kuchezea mpira, inapatikana.

Akaimimina.

Mstari mdogo wa kuonyesha mchezo unavyoshuka ukatokea kwenye kioo cha televisheni, ukaanza kujaa kwa uvivu. Vijana wakakaa kwenye mabenchi wakaungojea kama wanaongojea futari. Mwanzoni ubishi ulikuwa mtamu. Khaled alisema hivi ndivyo bora, hakuna diski ya kuchubuka wala ya kuibiwa. Uthmani, muuza vioo, akamjibu kwamba kitu usichoweza kukishika wala kukiuza si mali yako, umekodi tu, na wenyewe wakikasirika wanakuzimia. Ilias akataka kujua kama bubu ameanza kusema. Ubishi ukapoa, mstari ukiwa haujafika hata nusu. Mmoja akatoka kununua sambusa, hakurudi. Wawili wakakumbuka kwamba Jabe wana umeme wa jua.

Mstari ulipopita nusu kidogo, jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Khaled akatazama simu yake, akasema hata mega za intaneti nazo zimeisha.

"Baba Huseni, kesho tutaendelea pale tulipoishia."

"Esansi ya kesho iko wapi, mwanangu?"

Khaled alikunja waya vizuri, akauweka juu ya mashine, akaaga.

Umeme uliporudi siku nyingine, Khaled alikuja tena na simu, na mashine ikasema kwamba ule mchezo umekwisha kubadilishwa na wenyewe, kuna kipande kingine kikubwa cha kuongeza. Kabla hakijasogea, umeme ukaenda. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuuliza.

Nawaf alikuja na salamu nyingi. Akauliza afya, akamrehemu dada yake, akatazama mabenchi matupu. Alisema shemeji aelewe, mvua haingoji. Huseni alimwambia alete injini zake. Hakumsihi, kwa maana alijua kwamba angemsihi mtu asiye na kosa lolote, na wenye kosa hawana mlango wa kubisha hodi.

Mafundi wale wale waliomsukuma Adija ndio walioingiza injini. Mafuta yakatona sakafuni, mahali alipozoea Adija kusimama akiwaamua vijana nani ainuke, nani abaki na maneti, kile kidude cha kuchezea, mkononi.

Marguerite akapita na beseni lake la mboga, akasimama mlangoni. Hakuomba kitu. Huseni ndiye aliyemfuata na kopo la biskuti.

"Papa Huseni, mi siwezi chukua. Mama Adija aliniambiaka zinaumwa tu."

"Chukua," alisema Huseni. "Mpunga wako umefika wapi?"

Akajibu kwamba umeanza kubeba punje, na ndege wa mwaka huu hawana haya. Akaliweka kopo juu ya mboga, akajitwika, akashika njia ya Jabe, na diski zikawa zinagongana ndani kila alipokanyaga.